Kutembea, vyuma, kuruka au msawazo: zoezi lipi kwa mifupa iliyopungua nguvu?

Daktari akisema "mifupa yako imepungua nguvu, fanya mazoezi", mara nyingi maelezo huishia hapo. Mgonjwa akifika nyumbani, jirani anamshauri atembee kila alfajiri, binti aliye mjini anamtumia video ya bibi wa miaka sabini akinyanyua vyuma, na shemeji anamkataza hata kubeba ndoo. Kila mmoja ana lake la kweli, ila hawazungumzii hatari ileile. Hapa nalinganisha njia nne ambazo watu wenye osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kupungua nguvu), au walio njiani kuifikia, hushauriwa: kutembea, kunyanyua uzito, kuruka, na mazoezi ya msawazo, yaani ya kusimama imara bila kuyumba. Kuogelea na baiskeli nimezipa nafasi fupi, na sababu nitaieleza.

Tunatazama nini

Osteoporosisi haiumi. Mtu hukaa nayo miaka mingi bila kujua, mpaka siku anapoteleza bafuni na nyonga ikavunjika kwa kuanguka ambako kijana angeinuka akajipangusa. Ndiyo maana swali la "zoezi lipi linajenga mfupa" peke yake halitoshi. Nyonga na kifundo cha mkono huvunjika kwa sababu mbili zinapokutana: mfupa umedhoofika na mtu ameanguka. Pingili za uti wa mgongo zina tabia yake. Hizo huweza kubonyea bila mtu kuanguka kabisa, kwa kuinama vibaya tu au kunyanyua kitu huku mgongo umepinda.

Kwa hiyo kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: inaufanyia nini mfupa, inapunguza kuanguka au la, hatari yake ni ipi, inahitaji mahali na gharama gani, na humfaa nani.

Jambo la kujua kabla ya kuanza: mfupa ni kitu hai, hujengwa na kubomolewa kila siku, na hujipanga upya kufuata mzigo unaoubeba. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliliandika hilo mwaka 1892. Ushahidi wa leo uko wazi zaidi. Wachezaji wa tenisi wana mifupa minene zaidi kwenye mkono wanaoshikia raketi kuliko ule mwingine. Wanaanga, ambao miili yao haina uzito wa kubeba wakiwa angani, hupoteza takribani asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Lakini mfupa haujali sana umefanya kazi kwa muda gani. Huitikia mzigo mzito, au mshtuko wa ghafla, au mwelekeo usiouzoea, na baada ya mara kadhaa tu huwa umeshapokea ujumbe. Saa nzima ya kitu chepesi haiuambii mfupa jambo jipya.

Kutembea

*Kwa mfupa.* Hapa wengi watasikitika. Kwa mtu ambaye tayari anatembea katika shughuli zake, kuongeza matembezi hakubadilishi kitu cha maana kwenye uti wa mgongo, na kwenye nyonga faida ni ndogo. Kutembea husaidia kutopoteza zaidi, hasa kwa mtu aliyekuwa akikaa tu. Mwendo wa kasi, kupanda kilima au ngazi, huongeza mzigo kidogo. Mchanga laini wa ufukweni huupunguza mshindo wa kisigino, japo misuli ya miguu inachoka zaidi.

*Kwa kuanguka.* Msiba wake ni kwamba kutembea peke yake hakujathibitika kuzuia kuanguka. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1997, wanawake waliokuwa wamevunjika mkono walipangiwa kutembea kwa kasi, na wakaanguka zaidi kuliko wenzao. Ukifikiri, ni jambo la kutarajiwa: mtu anayeyumba ukimpeleka barabarani kwa haraka, umemwongezea nafasi za kujikwaa. Na barabara zetu tunazijua, mitaro isiyo na vifuniko na bodaboda zinazopita pembeni mwa watembea kwa miguu.

*Hatari.* Ndogo kwa anayesimama imara. Viatu viwe vya kufunga nyuma. Ndala ni adui mkubwa wa nyonga.

*Mahali na gharama.* Karibu bure. Baadhi ya klabu za jogingi za Dar es Salaam huwa na kundi la wanaotembea tu, na kuwa na wenzako kunamfanya mtu asikatize.

*Humfaa nani.* Anayeanza kutoka sifuri, mwenye shinikizo la damu au kisukari (kwa hayo kutembea kuna faida kubwa sana), na anayehitaji kutoka nje apate jua na watu. Ninampenda mtu atembee. Sipendi aambiwe kwamba hiyo inatosha kwa mifupa.

Kunyanyua uzito

*Kwa mfupa.* Kwa mtu mzima, hii ndiyo njia yenye ushahidi mzuri kwa uti wa mgongo na nyonga kwa pamoja, mradi uzito uwe mzito kweli na uongezwe polepole. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuwapa vyuma wanawake wenye mifupa dhaifu. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith kule Gold Coast, Australia, akiwemo Belinda Beck, wakachukua wanawake 101 waliokoma hedhi ambao mifupa yao ilikuwa imepungua. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Kundi la pili lilikutana mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya msimamizi: kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kujivuta juu kwenye chuma cha kuning'inia kisha kushuka kwa kishindo. Uzito ulikuwa zaidi ya asilimia 80 ya ule ambao mtu angeweza kuunyanyua mara moja tu.

Baada ya miezi 8, mfupa wa sehemu ya chini ya mgongo uliongezeka kwa asilimia 2.9 kwa walionyanyua, huku wenzao wakipoteza asilimia 1.2. Katika muda wote huo liliripotiwa tukio moja tu, msuli wa mgongo kukaza. Lakini soma na upande wa pili: wanawake hao walifundishwa mwezi mzima kwa uzito mwepesi kabla ya kuongezewa, na kila zoezi lilikuwa na jicho la mtaalamu. Matokeo yale si ruhusa ya kuingia jimu leo na kunyakua chuma cha kilo 40.

*Kwa kuanguka.* Misuli ya mapaja na makalio ikiwa na nguvu, mtu huinuka kitini bila kujivuta na hujizuia akijikwaa. Hata hivyo nguvu bila msawazo haitoshi. Viwili hivyo vikifanywa pamoja, ndipo matokeo huwa mazuri zaidi.

*Hatari.* Ipo pale mgongo unapokunjwa chini ya mzigo, na pale mtu anapojipotosha kiuno akiwa ameshika kitu. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa asubiri litulie kwanza. Usibane pumzi wakati wa kunyanyua.

*Mahali na gharama.* Jimu za mjini zinatoza ada ya mwezi, na mkufunzi hutozwa kivyake. Wengi hawana uwezo huo, wala hawahitaji kuanza huko. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, la lita 20 lina kilo 20, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuongeza nusu lita kila wiki. Weka dumu juu ya kigoda ili usianzie chini kabisa, simama karibu nalo, sukuma makalio nyuma, piga magoti kidogo, mgongo ubaki umenyooka kama unavyokuwa ukiwa umesimama, kisha inuka kwa nguvu ya miguu. Uzito unaofaa ni ule ambao ukifika mara ya 8 unahisi umebakiwa na mara mbili tu. Ukiweza kufika 20 huku unapiga soga, mfupa haujasikia kitu.

Neno kuhusu ndoo kichwani. Wanawake wengi wa vijijini wamebeba maji na kuni maisha yao yote na huona hayo ni mazoezi tosha. Kazi hiyo imewajenga, sikatai. Lakini ndoo ya kichwani huikandamiza shingo na mgongo wote, na mara nyingi njia ni ya utelezi. Aliyekwisha bonyea pingili aiache kabisa, na walio nyumbani wamsaidie kuiacha.

*Humfaa nani.* Anayesimama imara, ambaye hajavunjika pingili, na anayeweza kupata mtu wa kumtazama angalau wiki za mwanzo.

Kuruka na mazoezi ya mshindo

*Kwa mfupa.* Nyonga hupenda mshindo. Katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wanaume wenye afya wa umri wa miaka 65 hadi 80 waliambiwa waruke kwa mguu mmoja tu, mara 50 kila siku, kwa mwaka mzima. Mguu ule mwingine uliachwa uwe wa kulinganishia. Shingo ya mfupa wa paja, pale unapoungana na nyonga, ya upande uliorukiwa ilipata nguvu zaidi. Kabla ya hapo, chuo hichohicho kilikuwa kimewajaribu wanawake ambao hawajakoma hedhi, na walioruka kila siku ndio waliofaidika kuliko walioruka siku chache za wiki. Dakika kadhaa tu kwa siku, bila kifaa chochote! Kwa uti wa mgongo faida yake ni hafifu zaidi, maana mshindo hufifia kabla ya kufika huko juu.

*Kwa kuanguka.* Husaidia kiasi, kwa kuwa kutua vizuri kunafunza miguu kujizuia.

*Hatari.* Kubwa kuliko zote nne ikiwa mtu amechagua vibaya. Mwenye pingili iliyobonyea, magoti yaliyochakaa au anayeyumba asiruke. Kuna jingine ambalo wanawake hawalisemi: mkojo kuponyoka wakati wa kuruka, hasa kwa waliozaa mara nyingi. Si aibu na si jambo la kuvumilia. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ya ndani, na mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba kwa mazoezi, anaweza kuyafundisha.

Kwa asiyeweza kuruka kuna njia ya katikati: shika meza, inuka kwa vidole vya miguu, kisha achia visigino vigonge sakafu. Au kanyaga kwa kishindo, mguu mmoja mmoja. Kucheza ngoma kwa kukanyaga nako kumo humu, na sioni kwa nini bibi aliyekuwa mchezaji hodari wa arusini aambiwe akae chini eti kwa sababu ana miaka 60, ikiwa miguu yake bado inamtii.

*Mahali na gharama.* Sakafu kavu na kamba ya kuruka, basi.

*Humfaa nani.* Mwanamke wa miaka 35 hadi 55 anayetaka kuweka akiba kabla hedhi haijakoma na miaka michache inayofuata, kipindi ambacho estrojeni, homoni ya kike inayolinda mfupa, hushuka na mfupa hupotea kwa kasi. Pia mwanamume mwenye afya anayezeeka.

Mazoezi ya msawazo

*Kwa mfupa.* Karibu hayaongezi chochote. Tuseme hivyo waziwazi.

*Kwa kuanguka.* Hapa ndipo yanapowapita wengine. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 108 zenye watu zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, yalionyesha kwamba mazoezi kwa jumla hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Ya msawazo pamoja na miondoko ya maisha ya kila siku yalipunguza kwa asilimia 24, na tai chi, ile miondoko ya polepole ya Kichina, kwa takribani asilimia 19. Msawazo ulipochanganywa na mazoezi ya nguvu, punguzo lilifikia asilimia 34. Mfupa uliobaki dhaifu lakini haujaanguka, haujavunjika.

*Hatari.* Ndogo, mradi uwe karibu na kitu cha kushika.

*Mahali na gharama.* Kwenye sinki la jikoni, mlangoni, popote. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kilitunga mpango wa wazee wa kufanya nyumbani ambao sasa unatumika nchi nyingi, na yaliyomo ni ya kawaida kabisa: kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa kidole, kutembea kinyumenyume, kutembea pembeni, kuinuka kitini, kukunja goti ukiwa na kiuzito kwenye kifundo cha mguu. Darasa la tai chi si rahisi kulipata nje ya miji mikubwa, lakini mpango wa namna hii hauhitaji darasa.

*Humfaa nani.* Aliyeanguka katika mwaka uliopita, anayeshika ukuta akitembea usiku, mwenye ganzi ya miguu kwa kisukari, na kila aliyevuka miaka 75.

Kuogelea na baiskeli

Ni mazoezi mazuri kwa moyo na kwa magoti yanayouma. Kwa mfupa hayafikii, kwa kuwa maji au tandiko ndilo linalobeba uzito wako. Waendesha baiskeli wa mashindano, pamoja na afya yao yote, mara nyingi wana mifupa ya mgongo iliyo hafifu kuliko inavyotarajiwa. Humfaa asiyeweza kusimama muda mrefu, au anayerejea baada ya kuvunjika. Ikiwa unaipenda bahari, endelea nayo, kisha ongeza kitu cha nchi kavu.

Mgongo uliokunjwa: tahadhari kwa njia zote

Mwaka 1984, Mehrsheed Sinaki na mwenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wanawake 59 wenye osteoporosisi ya uti wa mgongo. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16 walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliofanya ya kukunja mgongo kwa mbele walikuwa 9 tu, lakini 8 kati yao walibonyea tena. Kundi ni dogo, lakini onyo hilo si la kudharau.

Nalisisitiza kwa sababu maisha yetu yamejaa kuinama: jembe la mkono, ufagio mfupi wa chelewa, kufua kwenye beseni lililowekwa chini, kuosha vyombo uani. Mwenye uti dhaifu akifanya mazoezi nusu saa kisha akainama saa tatu, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Ufagio utiwe mpini mrefu. Beseni lipandishwe mezani. Palizi ifanywe kwa goti moja chini. Jimuni, achana na zile za kulala chali na kujikunja tumbo, na katika yoga acha miondoko ya kugusa vidole vya miguu.

Na swala? Mwenye mgongo mzima hana la kuogopa katika rukuu na sijda. Ambaye pingili zake zimeshabonyea anaruhusiwa na dini kuswali ameketi kitini, na ruhusa hiyo ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

Uanzie wapi, kwa hali yako

*Una miaka 40 au 50 na kitu, hujavunjika mahali, hedhi inakoma.* Anza na uzito mara mbili kwa wiki na mishindo kidogo kila siku. Ikiwa umetumia sindano ya uzazi wa mpango ya Depo kwa miaka mingi, mweleze daktari. Mfupa hupungua wakati wa kuitumia, na sehemu kubwa hurudi baada ya kuacha.

*Umepimwa DEXA (kipimo cha uzito wa mfupa), alama ya T, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana, ni −2.5 au chini yake, lakini hujavunjika na unasimama imara.* Uzito chini ya msimamizi, msawazo siku za katikati, na kukanyaga kwa kishindo badala ya kuruka. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Alendronati, dawa ya kuzuia mfupa usipotee, ukiandikiwa, imeze. Usitarajie kipimo kibadilike kwa miezi mitatu, maana mfupa hujijenga taratibu na mashine huhitaji mwaka au zaidi kuona tofauti.

*Umepungua kimo sentimita 4 au zaidi tangu ujana, mgongo umeanza kupinda, au umepata maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua kitu.* Nenda hospitali kwanza, upigwe picha ya mgongo. Ikionekana pingili imebonyea, anza na kunyoosha mgongo: kaa wima, vuta mabega nyuma na chini, lala kifudifudi ikiwezekana na uinue kifua kidogo tu. Kisha msawazo, kisha matembezi. Vyuma vizito na kuruka viache mpaka mfiziotherapia aseme.

*Unatumia prednisolone kwa muda mrefu, kwa pumu au baridi yabisi.* Mfupa wako unapotea haraka kuliko wa rika lako. Zungumza na daktari juu ya kuulinda, wala usiikatize dawa hiyo ghafla mwenyewe. Mazoezi yako ni ya uzito na msawazo, kwa kadiri viungo vinavyoruhusu.

*Ni mkulima, au umebeba mizigo siku zote.* Mzigo unao wa kutosha. Unachokosa ni kunyoosha mgongo na msawazo, dakika 10 asubuhi kabla ya kwenda shamba.

*Umevuka miaka 75, au uliwahi kuanguka mwaka huu.* Msawazo na nguvu za miguu mbele ya yote, na matembezi baadaye ukiwa na mtu. Nyumbani waondoe mkeka unaoteleza, waweke taa njiani kuelekea chooni na kishikio ukutani.

*Uko mbali na fiziotherapia yoyote.* Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Inuka na uketi mara 8 bila kutumia mikono, pumzika, rudia mara mbili. Ukishaweza bila taabu, shika dumu la lita 2 kifuani, kisha la lita 3. Baada ya hapo simama mguu mmoja kwa sekunde 10 huku kidole kimoja kikigusa meza, upande wa kulia na wa kushoto. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, na mtu mwingine awe nyumbani unapofanya.